Ami Soud na Msimu wa Uwanja wa Kuazima

Tarehe 30 Juni, Bwana Soud bin Marhun anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuitumikia klabu yetu ya Al Qantara, Ibra. Muda wote huo amekuwa msimamizi wa timu ya mpira katika Ligi ya Kanda: kukodi basi, kutafuta mipira iliyopotelea mashambani, na kuwabembeleza kina mama wakubali watoto wao wakose harusi ya binamu kwa ajili ya mechi.

Alizaliwa Unguja, akaja Oman akiwa mdogo, lakini Kiswahili chake hakikuhama mtaa wa Malindi, mjini Unguja. Alikuwa akiwaelekeza wachezaji wetu kwa Kiswahili, akiamini wapinzani hawafahamu. Siku moja Nizwa, alipokuwa akieleza kwa sauti jinsi beki wao wa kushoto alivyo mzito, beki mwenyewe alisogea kwenye mstari.

“Shikamoo, ami. Nimesikia.”

Ami Soud akaitikia marahaba, akamtaka radhi. Baada ya mechi walikunywa kahawa pamoja.

Msimu tusioweza kuusahau ni ule mvua iliposhusha maji ya wadi, ule mto mkavu wa jirani, yakauchukua uwanja wetu ligi ikiwa karibu kuanza. Wengi katika kamati walitaka tujitoe. Ami Soud aliomba wamsubiri kidogo, akaendesha gari hadi Sur, kwa Harub bin Laith, mwenyekiti wa Al Fanar, mahasimu wetu wa siku zote.

“Nimekuja kuomba uwanja,” alimwambia. “Ukikataa sitakulaumu.”

“Wenu umebaki vipi?”

“Mawe matupu.”

Harub akakata shauri. “Basi sisi tutacheza Alhamisi, nyinyi chukueni Ijumaa.”

Msimu mzima mechi zetu za nyumbani zikachezwa Sur. Mashabiki wetu wachache tu waliweza kuifuata safari ile, kwa hiyo watu wa Al Fanar walikuja kutushangilia wao.

Ratiba ikatukutanisha nao siku ya mwisho, hapo hapo kwao. Wao walihitaji sare tu wapande daraja. Sisi tusiposhinda, tunashuka. Katika chumba cha kubadilishia nguo, nahodha Bassam akauliza, “Ami, leo tufanye nini?”

“Chezeni kwa nguvu zenu zote,” alijibu. “Tukiwaachia makusudi, tutakuwa tumewadharau.”

Tulishinda bao moja kwa bila. Vijana walirukaruka, lakini yeye alikwenda chumba cha Al Fanar, akampa mkono kila mchezaji, kisha akakaa ubavuni mwa Harub. Harub akamwambia, “Uwanja wenu ukichelewa kutengenezwa, mwakani mtacheza hapa hapa.” Ami Soud akainamisha kichwa, akalia.

Mwaka uliofuata Al Fanar walipanda daraja. Ami Soud alikodi basi, akatupeleka sote Sur kuwapongeza.

Ami Soud, ahsante kwa kutufundisha kushinda bila ya kuwavunjia watu heshima. Ahsante pia kwa Bi Mahfoudha, mkeo, aliyevumilia kukukosa nyumbani Ijumaa baada ya Ijumaa. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe raha na wajukuu zako, na siku timu ikifungwa, ulale usingizi wako bila ya kutufikiria.