Oili Inavuja, Injini Imejaa

Benchi letu liko mbele ya duka la vipuri, kati ya meza ya kahawa na kibanda changu cha kushona viatu. Jana alasiri Baba Pacha, dereva wa teksi, aliegesha gari lake kuukuu, akachungulia chini ya injini, akainuka uso umemshuka. Alfajiri ya leo alikuwa na safari ya mwendo wa saa nne, kumpeleka mama yake kupasuliwa jicho. Miadi hiyo waliisubiri miezi saba.

— Inavuja kuliko juzi, alisema. Na juu yake moshi wa bluu. Naongeza oili, inamwaga. Naongeza, inamwaga.

— Unaweka ipi? aliuliza Kapteni, aliyeendesha malori miaka thelathini na sasa anaendesha benchi.

— Hii ya bei nafuu. Nyepesi.

— Umeona! Nyepesi inapenya popote, kama umbea. Weka nzito.

— Nzito niliweka juzi. Si wewe uliyeniambia?

— Basi haikuwa nzito vya kutosha.

Profesa, fundi redio, akashusha kikombe.

— Uzito sio tatizo. Hiyo ya bei rahisi imeshatumika kwingine, wameichuja tu. Imezoea injini yake ya zamani. Ukiitia kwako, inatafuta njia ya kurudi.

— Oili inatafuta kwao? Kapteni akacheka.

— We cheka. Kwa nini inavuja zaidi gari likiwa limesimama? Inasubiri usiitazame.

Nikaingiza langu:

— Kiatu kikiingiza maji, hubadilishi maji. Unashona kiatu.

— Kwa hiyo nishone injini?

— Nimesema tu.

— Msikilizeni mzoefu, Kapteni akakatiza. Usimwage oili ya zamani kabisa! Imeshakuwa gundi, ndiyo inayoshikilia vyuma. Mimi lori langu nililiendesha miaka sita bila kubadilisha.

— Si ndilo lililokufa injini mlimani? aliuliza Profesa.

— Lilikufa mwaka wa saba. Nilipobadilisha!

Baba Pacha akashika kichwa.

— Jamani, mama amebakiwa na jicho moja. Nikikwama naye porini nitamwambia nini? Nipeni jibu moja tu.

Akafungua boneti, dumu mkononi. Hapo mkewe, Mama Pacha, akatokea kuuliza kama gari liko tayari.

— Unaongeza tena? Si nimeweka mimi asubuhi?

— Umeweka nini?

— Oili. Kila alfajiri kabla hujaamka. Nilikuona huna raha, nikasema nikusaidie kimyakimya.

— Mama Pacha, mimi naweka kila jioni!

Kapteni akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa vidole viwili.

— Inavuja, halafu imejaa? Profesa akauliza.

— Hata kahawa ukiijaza hivyo inamwagika, alisema mwenye kahawa.

Baba Pacha alikuwa hajagusa kile kijiti wiki nzima. Alikuwa akitazama chini ya gari tu. Mama Pacha akapokea lile dumu, akalitazama.

— Haya. Gari hili linachukua lita ngapi?

Kapteni akakohoa. Profesa akarudia kikombe kilichokuwa kitupu. Mimi nikakumbuka nina kisigino cha kupigilia. Mwenye gari mwenyewe, analo mwaka wa kumi na moja, akainama kutazama tena chini ya gari.

Ikabidi tuimwage yote kwenye beseni, ile nyepesi, ile nzito, na ya Mama Pacha ambayo hata yeye hakujua ni ipi. Tukatia mpya ya aina moja, ya bei ya kawaida, kidogo kidogo, tukipima kila mara, vichwa sita juu ya kijiti kimoja, hadi ikafika alama.

Leo saa nne asubuhi Baba Pacha akapiga simu.

— Tumefika salama. Mama ameshaingizwa ndani.

— Na oili? Kapteni akapaza sauti.

— Muulizeni Mama Pacha, niko naye hapa. Mimi nimekatazwa kugusa boneti.