Sweta Nyeupe ya Mwalimu Carmel

Wafiwa, majirani, walimu wenzangu na wote mliosimama kwenye baridi hii, familia imeniomba mimi Hedwiga, niliyefundisha na marehemu kwa miaka ishirini na mitano, niwasomee safari yake ya duniani, na pia nieleze lile suala la mavazi lililotugawa tangu Jumanne.

Marehemu Carmel Molefe alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 mjini Morogoro, Tanzania, mtoto pekee wa Mwalimu Winston Gittens na mkewe Muriel, waliotoka kisiwa cha Barbados mwaka 1966 kuja kufundisha hesabu kwa miaka miwili, wakasahau kurudi. Alisoma hapo hapo Morogoro, ambako wenzake walimwita Mmarekani ingawa Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kiluguru, akahitimu ualimu mwaka 1988.

Mwaka huo aliajiriwa kufundisha watoto wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini kule Mazimbu, akakutana na seremala Thabo Molefe, wakafunga ndoa tarehe 8 Desemba 1990, wakahamia hapa Afrika Kusini, mtaa huu wa Bertrams, mwaka 1992, wakajaliwa Jeremia mwaka 1993 na Lerato mwaka 1997. Watanzania wa hapa walimwita Msauzi kwa sababu ya mume, wakwe wakamwita Mtanzania kwa sababu ya pilau, na alipofika Barbados mwaka 2007, safari yake moja tu, shangazi zake walimtambulisha kanisani kama mgeni kutoka Afrika, wakamwomba aimbe wimbo wa kwao, akaimba ule aliofundishwa na baba yake, ambao kanisa zima liliujua kuliko yeye.

Alifundisha shule ya msingi Troyeville tangu 1994 hadi 2023. Tarehe 23 Septemba 1998, tulipotakiwa kuja na mavazi ya asili kwa ajili ya Siku ya Urithi, Carmel alitokea na sweta ya kriketi ambayo marehemu baba yake alikuja nayo kutoka Barbados, nyeupe, yenye mistari shingoni na matundu mawili, na mwalimu mkuu akamkumbusha kwa upole kwamba michezo ni mwezi ujao.

"Mwalimu mkuu," akajibu, "hii ndiyo asili yenyewe, na haya matundu ni ya panya wa Morogoro."

Mama mkwe wake, bila kuomba ruhusa, aliziba tundu moja kwa kitambaa cha shweshwe, ile pamba ya maua ya sherehe za kwao, kilichobaki kwenye gauni lake, nami, ili Tanzania isionekane imelala, nikaziba la pili kwa kanga. Aliivaa kila mwaka, na watoto wa darasa la pili waliamini kuwa lipo kabila linalovaa hivyo.

Alianza kuugua figo Agosti 2023, akatibiwa kwa subira, akafariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, akiwa na miaka 57. Wakwe walitaka azikwe na shweshwe, sisi Watanzania tukataka kanga, Jeremia akataka sweta, na ubishi uliisha tulipoikuta sweta kabatini, imekunjwa, ina karatasi yenye mwandiko wake wa ubaoni: "Msinizike nayo. Aliyezikwa haulizwi ametoka wapi. Mpeni Lerato, yeye bado anaulizwa."

Ndiyo maana, kwa mnaonong'ona tangu asubuhi, Lerato amekuja kumzika mama yake amevaa sweta ya kriketi, mikono ikimfunika vidole.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wa Troyeville, na majirani wote, hasa Mama Godelieve, aliyetupikia siku nne bila kuuliza sisi ni watu wa wapi.

Pumzika kwa amani, Carmel, nasi tutaendelea kuziba matundu.