Mama Kimberly, Aliyewafundisha Bongo Kutuogopa

Bi. Truphosa Chepkosgei, ambaye kazini na kanisani tunamwita Mama Kimberly, anastaafu tarehe 31 Oktoba baada ya kukitumikia kituo chetu cha uhifadhi, kando ya msitu wa Mau, kwa miaka ishirini na sita. Chai ya kumuaga itakuwa bwaloni, mandazi yameshaagizwa Elburgon, na mkuu wa kituo ameahidi kuwa hotuba yake itakuwa fupi. Mwandishi wa wasifu huu aliombwa aandike jambo la kuchangamsha. Atajitahidi. Lakini yeye ni mwoga wa kuzaliwa, na mwezi huu umekuwa mgumu kwa waoga. Simu ya kituo ikilia, hakuna anayetaka kuwa karibu nayo. Sababu itaelezwa hapa chini.

Mama Kimberly alizaliwa Keringet, akaolewa Elburgon na fundi wa kiwanda cha mbao, na kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kumwagilia miche ya miti. Wakati huo bongo, yule swala mkubwa mwekundu wa msituni mwenye mistari myeupe ubavuni, alikuwa ametoweka kabisa upande wetu wa Mau. Mitego ya waya na mbwa wa wawindaji walikuwa wamemmaliza. Siku lori lilipoleta bongo wa kwanza wa kuzalisha, dume mmoja na majike watatu, wanaume wote wa kituo walikumbuka ghafla kwamba wana kazi ya haraka mahali pengine. Aliyeingia bomani na ndoo ya maji ni mama wa miche. Dume akamfukuza mpaka juu ya ua, gambuti moja ikabaki chini. "Huyu ana kiburi kama mwalimu wa kwaya," alisema akiwa huko juu, na tangu siku hiyo hakurudi kwenye miche.

Alipanda cheo hadi akawa msimamizi wa wanyama. Sote tunaijua sauti yake. Ukiacha lango bila komeo, utaitwa jina lako lote, la ubatizo na la baba, na watu wa barabarani watalisikia. Daktari Owino, ambaye hutibu wanyama wetu na ana digrii mbili, bado hukung'uta viatu mara tatu kabla ya kupita mbele yake. Ndama walizaliwa, wakakua, na tukajivuna sana. Tulikuwa tukiwaita kwa majina na kuwakuna shingo. Wageni wakija walipiga nao picha.

Kisha tukamwachilia wa kwanza msituni, na hapo ndipo woga ulipoingia katika kituo hiki, haujatoka hadi leo.

Alikuwa jike aliyependwa kuliko wote. Alikaa msituni siku chache tu, kisha akatokea upande wa Kuresoi katika shamba la viazi la Mama Njoki. Akina mama walikuwa wakichimba viazi na kujaza magunia. Kwa jike yule, mtu mwenye gunia alikuwa mtu wa kumletea chakula. Akawaendea polepole, masikio mbele, bila wasiwasi wowote. Mbwa wa shamba walimfikia kabla hajafika kwenye magunia. Mama Njoki aliwapiga mbwa kwa jembe huku akilia, lakini alikuwa amechelewa. Tulipofika tulikuta amemfunika mnyama kwa leso yake mwenyewe. "Hakukimbia," alituambia mara nyingi, kama anayejitetea. "Mimi nilimwambia akimbie na akakuja tu."

Mama Kimberly hakulia. Alirudi kituoni, akatukusanya mbele ya ghala la majani, akasema maneno ambayo yamekuwa sheria yetu tangu siku hiyo: "Hapa hakuna mtu ataongea na hawa wanyama tena. Wacha watuogope. Wakituogopa wataishi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi ambayo wageni hawaielewi. Tulijenga ukuta wa mbao na kuwapitishia chakula chini yake, wasijue kinatoka mkononi mwa nani. Majina yalikatazwa, na kuwakuna shingo kukakatazwa. Bongo wakiona mtu, basi mtu huyo ni lazima awe tisho: agonge madebe, apige kelele, arushe madongoa, aje na mbwa waliofungwa kamba wabweke mbele ya ua. Kazi ya kuwatisha bongo zaidi aliichukua Mama Kimberly mwenyewe. Alijua kwamba mnyama akimwamini mtu mmoja atawaamini wote, na hakutaka mtu huyo mmoja awe yeye. Mwanamke anayeimba sauti ya kwanza kanisani alipita kando ya ua akiimba mapambio yaleyale kwa ukali huku akigonga debe, ili hata sauti yake iwe kitu cha kukimbiwa. Ilichekesha kumtazama. Baadaye ungemkuta nyuma ya ghala amejiinamia, debe mapajani, na hungethubutu kumsemesha.

Mwaka juzi, wakati wa baridi kali, jike mmoja alikufa kwa homa ya mapafu na kumwacha ndama wa kike ambaye hakuwa hata na nguvu ya kusimama. Ilibidi anyonyeshwe kwa chupa, tupende tusipende. Mama Kimberly alijifunika gunia kuanzia kichwani, akapitisha chupa kwenye tundu la ukuta, na hakusema neno. Lakini ndama mnyonge hanyonyi bila kuitwa. Mama Kimberly akawa anatoa sauti ndogo ya ulimi, kama ile ya kuita ndama wa ng'ombe, na ndama wetu akawa anaijia sauti hiyo hata akiwa amelala.

Alipoacha chupa ikabidi afundishwe kama wenzake. Aliyemrushia madongoa ya kwanza ni yule aliyemnyonyesha. Ndama hakukimbia. Alisimama akimtazama, dongoa likampiga begani, akasogea karibu zaidi. Bintiye, Kimberly, alitusimulia kwamba siku hiyo mama yake alifika nyumbani, akakaa jikoni na koti lake, akakataa chai. "Nimempiga mtoto," alisema. Kesho yake alirudi na debe.

Mwanzoni mwa mwezi huu ndama yule, sasa jike kamili, aliachiliwa na wenzake watano katika mianzi iliyo juu ya kituo. Ng'ambo ya msitu kuna Kuresoi, kuna mashamba, kuna mbwa, na kuna watu ambao bado hutega waya. Ndiyo maana tunaiogopa simu.

Daktari Owino alisema jambo ambalo kila mtu alilijua lakini hakuna aliyetaka kulisikia. Jike yule lazima apimwe, na wa kumpima ni mmoja tu. Mama Kimberly angemkaribia na kumwita kwa ile sauti ya ulimi. Akikimbia, ataachwa huru. Akija, atadungwa dawa ya usingizi, atarudishwa bomani, na hatatoka tena maisha yake yote. Mama Kimberly akasema goti linamuuma. Kesho yake akasema mvua ni nyingi. Mtu aliyeingia bomani kwa dume bila kusita sasa alikuwa akiogopa, na hakujaribu kutuficha.

Alhamisi iliyopita alikubali. Mwandishi aliagizwa amfuate kwa nyuma, na anakiri wazi kwamba naye alitafuta goti la kumuuma. Tuliwakuta bongo kwenye kijito, upepo ukituletea harufu yao. Mama Kimberly akatoka kwenye mianzi, akasimama peupe mikono mitupu, midomo ikimcheza kama mtu anayesali. Kisha akaita.

Jike aliinua kichwa. Wenzake walikuwa wameshakaza misuli kukimbia, yeye akabaki anamtazama. Akapiga hatua moja kuja kwetu. Mama Kimberly aliita tena, kama alivyoagizwa, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila kuyafuta. Jike akapiga hatua ya pili. Mwandishi alifumba macho. Alikuwa ameliona shamba lile la viazi na ile leso, na hakutaka kuona tena.

Alichosikia ni mlio mkali wa bongo aliyeshtuka, kama kikohozi cha mtu, kisha mianzi ikivunjika. Alipofumbua macho kijito kilikuwa kitupu, na mbali juu mlimani kundi zima lilikuwa bado likikimbia.

Mama Kimberly aliketi kwenye matope akicheka na kulia kwa pamoja. "Amenikataa," alisema. "Asante Yesu, amenikataa kabisa."

Woga wetu haujaisha, na tunamwonya atakayeshika debe lake kwamba hautaisha. Waya bado zipo, na msitu ni mkubwa kuliko macho yetu. Lakini leo kuna bongo sita wanaotembea pale ambapo hapakuwa na hata mmoja, na kila mmoja wao anakimbia akisikia sauti ya binadamu, hasa sauti yako, Mama.

Asante, Mama Kimberly, kwa miaka yote, kwa kelele, na kwa kukubali kuchukiwa na uliowapenda. Mungu akupe uzee wenye afya na mapumziko uliyoyafanyia kazi. Tumeambiwa una ng'ombe wawili wanaokungoja Keringet. Hao, tafadhali, ongea nao.

Jamleck Muiruri, kwa niaba ya wafanyakazi wa zamu ya asubuhi