Mwalimu Zakaria Lowoi na Lugha Aliyoitunga

Mwalimu Zakaria Lowoi alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Ngaremara, mtoto wa tatu kwa wazazi wafugaji. Alianza shule akiwa na miaka kumi kwa sababu mbuzi hawakuwa na mchungaji mwingine, na mbuzi hao hakuwahi kuwasamehe.

Alifuzu ualimu mwaka 1981, akafundisha shule za msingi za Isiolo hadi alipostaafu mwaka 2018. Darasani aliumia kuona watoto wakikaa kwa makabila. Ndipo akatunga lugha isiyo ya kabila lolote, akaiita Temeri. Nomino zake zilikuwa za ngeli mbili tu, vitu vinavyohama na vitu vinavyotulia. Kitenzi kilibadilika mwishoni kuonyesha kama msemaji ameona mwenyewe, ameambiwa au anakisia. Walimu wenzake walimcheka waziwazi, lakini kila mwaka alipata wanafunzi wachache wa kujifunza.

Tarehe 6 Desemba 1986 alimwoa Akolong, wakajaliwa binti mmoja, Nakiru. Akiwa na miaka mitano, Nakiru alitumwa dukani hapa mtaani Kiwanjani, akaagiza sukari kwa Temeri. Mwenye duka, Abdiwali, alimbeba mbiombio hadi nyumbani. "Mwalimu, huyu mtoto ako na homa! Anaongea maneno sijui ya wapi!" Marehemu alicheka mpaka akaketi chini. Lakini Nakiru alipofika sekondari wenzake walimchokoza, naye akamwambia baba yake kwamba hataisema tena. Tangu hapo Mwalimu alimsalimia kwa Temeri kila walipoonana, naye akamjibu kwa Kiswahili. Akolong alitutoka mwaka 2009, akazikwa katika ploti yao hapa Kiwanjani.

Agosti 2025 Mwalimu alipata kiharusi. Kiswahili na Kiturkana vilimpotea, ikabaki lugha yake peke yake. Nakiru alimuuguza. Tarehe 4 Novemba, saa tatu asubuhi, Mwalimu alimshika mkono, akasema maneno machache kwa Temeri, akakata roho. Wazee walitaka azikwe Ngaremara kwa wazazi wake. Nakiru akasema kwa maneno hayo baba ameomba alale kando ya Akolong, na hakuna aliyeweza kumpinga.

Jana, wasifu huu ukiandikwa, Nakiru alimjia Ewesit, mdogo wa marehemu, akilia.

"Baba mdogo, nilidanganya. Sikuelewa kitu. Hiyo lugha nilishasahau. Ni mimi nilitaka alale hapa."

"Na daftari zake za Temeri?"

"Mchwa walimaliza. Sauti ya maneno yake niko nayo kichwani, maana yake ndiyo sina."

Ewesit alikasirika sana, hilo lisifichwe. Kisha akasema, "Kaburi lishachimbwa. Lakini hii tutaisoma mbele ya watu."

"Isomwe," Nakiru alijibu.

Marehemu ameacha binti yake Nakiru, wajukuu wawili, ndugu yake Ewesit na wanafunzi wengi. Kama yupo kati yenu aliyefundishwa Temeri na bado anaikumbuka, tunamsihi amwone Nakiru sasa hivi, kabla jeneza halijashushwa. Na kama hayupo, Mungu aliyemsikia na kumwelewa ampumzishe kwa amani.