Mabumba Arobaini na Moja

Mheshimiwa Meya, Ndugu Mkurugenzi wa Kituo, Chifu wa Kouroumasso na wazee ulioongozana nao, ndugu wageni waalikwa mliotoka Ouagadougou mkala vumbi tangu alfajiri, akina mama wa chumba cha kufugia mbu, madereva wetu, na wewe unayestaafu leo, Dkt. Takko Boly, dada yangu, mtani wangu, mtumwa wa babu zangu: nawasalimu nyote.

Nimepangwa msemaji wa saba. Wa saba, ndugu zangu, nyuma ya kijana aliyemfahamu Dkt. Boly kwa miezi minne, ilhali mimi nimemfahamu miaka kumi na tisa. Nilipouliza kulikoni, nikajibiwa, "Mzee Millogo, wewe tumekuweka kwa ajili ya burudani. Mbobo amtanie Mfulani, watu wacheke, halafu tule." Haya. Mimi Mbobo, yeye Mfulani, na mtani hakasirikiwi. Basi nitasema.

Nina wivu na mwanamke huyu. Naam, chekeni. Nina wivu naye tangu siku aliyoshuka kwenye pikipiki yake na boksi la chaki.

Kabla hajaja, miaka minane nilikuwa nikivuta mbu kwa mrija: ncha moja ukutani mwa nyumba ya mtu, ncha nyingine mdomoni mwangu. Wengine nimewameza. Huyu akaja kutengeneza hesabu ya kutabiri mbu watapunguaje, na siku ya kwanza akanifuata ninakoosha mirija.

"Kaka Lamoussa, dume la mbu huku kwenu linaishi siku ngapi?"

"Kiangazi siku sita. Mvua zikikolea, hata kumi."

"Umejuaje?"

"Nimeishi nao."

Akaandika. Mwaka uliofuata zile siku zangu sita zilipanda ndege kwenda mkutanoni ng'ambo, zimegeuzwa herufi, na mimi nikabaki hapa naosha mirija. Mwishoni mwa makala aliandika jina langu, kati ya dereva na mpishi. Akaniletea nakala, anatabasamu! Nilimshukuru, nikaenda kuifunikia mtungi wa pombe ya mtama.

Chifu, wewe ni shahidi wangu kwa hili linalofuata. Miaka miwili nilikuja kwako kueleza kwamba tutaachia mbu madume waliobadilishwa vinasaba, wasiouma mtu, ambao wakipanda majike hakizaliwi kitu. Miaka miwili! Wazee wakinisikiliza mpaka mwisho, kisha wakiniuliza, "Lamoussa, umekula?" Akaja huyu siku moja tu. Hakusimama. Aliketi mkekani na akina mama, akiwa na bakuli moja la njugu mbichi na bakuli moja la njugu za kuchemsha zilizokaushwa juani, akazichanganya.

"Bibi Makoura, ukipanda hizi, shamba litaota nini?"

Bibi Makoura akaangua kicheko. "Litaota aibu, mwanangu! Za kuchemsha haziotagi."

"Basi madume wangu ndio hizo za kuchemsha. Na jike hawezi kuwatofautisha na wengine."

"Na kwa mbichi moja unatia za kuchemsha ngapi?"

"Hapo ndipo ilipo hesabu yangu yote, bibi. Na siiwezi bila kaka Lamoussa. Yeye ndiye anayehesabu mbichi."

Mwenzenu nilikuwa nimesimama mlangoni na mrija wangu. Nawaambia, hata mimi niliielewa kazi yangu siku ile kwa mara ya kwanza. Na kueleweshwa kazi yako mbele ya watu waliokushinda kunauma kuliko mbu yeyote niliyewahi kumvuta. Tangu hapo Kouroumasso wanamwita Mwenye Mbu. Na mimi wananiitaje? "Yule anayekujaga na Mwenye Mbu." Hivi kweli hiyo ni haki?

Lakini sifa zake nitampa, maana ndizo zinazonikera zaidi. Hakosei kujumlisha. Hapandishi sauti. Keki ya siku yake ya kuzaliwa huanza kuigawa kwa walinzi. Na baada ya lile swali la siku ya kwanza, kwa miaka kumi na tisa kila namba niliyompa ameiandika bila kuniuliza kama nina hakika. Laiti angeniuliza hata mara moja!

Tazameni ukutani. Mkurugenzi amemtundikia zawadi, mlinganyo wake ndani ya fremu ya mvule, na kioo kimefutwa kinang'aa. Mwishoni mwake kuna namba: elfu kumi na mbili. Hao ndio madume tutakaowaachia Kouroumasso kila wiki, kuanzia Alhamisi ijayo. Ameitoa wapi? Kwangu. Jua likizama, madume wa mbu hujikusanya angani wakicheza, wanawangoja majike. Kila mkusanyiko tunauita bumba. Ukijua mabumba ya kijiji, unajua mbichi ni ngapi. Mimi nilimpa sitini na matatu.

Mwaka juzi, mwezi wa Septemba, nilikizunguka kijiji jioni tisa mfululizo. Jioni ya tisa akaja mpiga picha wa gazeti. Dada Takko akasimama mbele ya ubao wake, nami nikasimama kando yake, kwa sababu ubao ule niliubeba mimi kutoka garini. Yule bwana akasema, "Mzee, sogea kidogo, unaziba." Nikasogea. "Kidogo tena, mzee." Nikasogea. Nikaendelea kusogea bila kuambiwa, kwa hasira, mpaka nikavuka mstari wa miarobaini nikatokea kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, mahali ambapo sikuwa nimewahi kuhesabu. Na pale, juu ya ardhi iliyokanyagwa kwato, kulikuwa na mabumba arobaini na moja.

Niliyahesabu yote. Niliyaandika kwenye ukurasa mmoja wa daftari langu. Halafu nikasikia makofi kule nyuma, wanampigia yeye, nikauchomoa ukurasa daftarini nikautia mfukoni. Nikajisemea, Mwenye Mbu na akawahesabu mbu wake.

Bado mnacheka. Mheshimiwa Meya anafuta machozi. Na wewe dada Takko unacheka, nakusikia unasema, "Mbobo keshalewa huyo!" Sijalewa, dada. Leo sijaonja hata tone. Ukurasa wenyewe huu hapa.

Mia moja na nne, ndugu zangu, si sitini na matatu. Jana nilikaa mezani kwangu na njugu zangu nikapanga mbichi na za kuchemsha kama alivyotufundisha: wanatakiwa karibu elfu ishirini. Tukiachia elfu kumi na mbili, mvua zitakwisha na mbu watakuwa walewale, na watoto watabebwa zahanati na homa ileile, na kijiji kitasema njugu za Takko zimeota. Lawama zitakuwa zake, maana fremu ni yake. Na mimi? Mimi nilikuwa naingoja siku hiyo. Nalisema mbele yenu nikiwa na akili zangu timamu: kwa miaka miwili nimengoja ashindwe.

Jumatatu nilipita Kouroumasso kukagua njia ya gari. Nikamkuta Bibi Makoura kitandani, hana chandarua. "Nimempa mjukuu wangu aliyeolewa," akaniambia. "Mimi ya nini tena? Alhamisi si mnaleta za kuchemsha?" Nikamwambia avumilie, nikaondoka. Usingizi sijaupata tangu siku hiyo.

Ndugu Mkurugenzi, naomba Alhamisi isimame. Cheo ulichokusudia kunipa, nakurudishia kabla hujakitangaza. Chifu, nitakuja mwenyewe kuwaambia akina mama, na chandarua cha Bibi Makoura nitakileta mkononi.

Na wewe, dada Takko. Sasa hucheki. Afadhali. Kwetu mtani akiomba hakataliwi, na mimi sijawahi kukuomba kitu tangu uje. Usistaafu leo, staafu Jumapili. Ivunje hiyo fremu. Jumamosi jioni nitakuwa pale kwenye birika la ng'ombe. Njoo na daftari. Nitahesabu kwa sauti, wewe uandike, na kila namba nitakayotaja uniulize kama nina hakika. Na mpiga picha akitokea, nitasogea mwenyewe.

Asanteni kwa kunisikiliza. Na zaidi niwashukuru mlioacha kucheka.