Alhamisi ya Maua na Mtihani wa Duangjan

Mgeni rasmi, Profesa Thawat Phonsiri, Makamu Mkuu wa Chuo upande wa Taaluma na mwalimu wetu wa Takwimu tangu mwaka wa kwanza, ndugu Mkuu wa Kitivo, ofisa wa wilaya, walimu wetu, wazazi mliofunga safari kutoka mashambani katika siku hizi za kupandikiza mpunga:

Karibu nyumbani

Sisi wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Kitivo cha Elimu tunakukaribisha katika ukumbi ambao wewe mwenyewe ulitufundishia. Tunajua unapenda hotuba fupi na takwimu sahihi. Tutajitahidi katika yote mawili.

Tulikotoka

Tulipoingia chuoni, masomo yalianza Juni, mara tu baada ya shule za msingi kufunguliwa. Mtihani ulikuwa mmoja mwisho wa muhula, nao ndio uliobeba alama zote. Aliyeugua siku hiyo alifanya mtihani wa marudio baada ya wiki chache.

Tukiwa mwaka wa pili, kamati uliyoiongoza ilihamisha mwanzo wa mwaka hadi Agosti, ili tuende sambamba na vyuo vya nchi jirani. Mtihani nao ukagawanywa: sehemu ya alama hutokana na kazi za darasani, na sehemu kubwa hutokana na mtihani wa mwisho. Matokeo yakatakiwa kutoka mapema, na mtihani wa marudio ukafutwa. Anayekosa mtihani wa mwisho hulirudia somo mwaka unaofuata.

Tuliyoyapata

Mabadiliko haya yametufaa, na tungekuwa waongo tukisema vinginevyo. Zamani mwenzetu aliyekwenda kusoma Vietnam alirudi akakuta muhula umefika katikati. Sasa wenzetu wawili wamekwenda na kurudi bila kupoteza hata somo moja. Tena alama za kazi za darasani zimewaokoa wengi wetu tunaosahau kila kitu mbele ya karatasi ya mtihani.

Aprili ilikuwa ngumu. Ni mwezi wa joto kuliko yote, nasi zamani tuliupitisha nyumbani. Ulikuja darasani umebeba feni mbili za nyumbani kwako, ukaziweka mbele, ukasema, "Mwenye kusinzia akae huku. Angalau asinzie penye upepo." Baada ya Mwaka Mpya wa jadi, sikukuu ya kumwagiana maji na kupakana poda, tuliporudi na poda masikioni, hukumgombeza mtu. Ulisema tu, "Naona Mwaka Mpya umeingia mpaka kwenye daftari la Somsak." Feni zile bado zipo chumba namba nne. Mke wako, tumesikia, bado anaziulizia.

Yaliyotukwaza

Mgeni rasmi, chuo kilihama, shule hazikuhama. Shule zinafunguliwa Mei sisi tukiwa bado na masomo, na tulio katika mazoezi ya kufundisha tunakuwa walimu huko na wanafunzi huku katika siku zilezile. Tungeweza kulieleza jambo hili kwa jedwali. Tumeona tulieleze kwa mtu mmoja.

Mwenzetu Duangjan Khamsing amepangiwa shule ya msingi ya Ban Non Khwao. Mwalimu wa darasa la kwanza yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo darasa lote ni la Duangjan. Mtihani wake wa mwisho, somo la Upimaji, ulipangwa Ijumaa. Baadaye ulitangulizwa kwa siku moja ili matokeo yawahi. Ukaangukia Alhamisi ya pili ya Juni.

Kamati ilikagua sikukuu zote za taifa, na siku hiyo haikuwa mojawapo. Lakini ndiyo siku shule nyingi za wilaya yetu hufanya sherehe ya kuwaheshimu walimu, watoto wakiwapigia magoti na kuwapa maua, hata ya bilinganya, ambayo huinama kama mwenye heshima. Chuo chetu nacho kinayo sherehe hiyo, ila iliposogea kalenda, nayo tuliihamishia Agosti. Hivyo ndivyo chuo kinachofundisha walimu kilivyopanga mtihani wa walimu katika siku ya walimu. Sisi pia tuliisoma ratiba, na hakuna kati yetu aliyeligundua hilo. Kosa hili tunaligawana.

Asubuhi ile Duangjan alifika shuleni akiwa amevaa sare ya chuo, kalamu mfukoni, aage kisha apande gari la kwenda mjini. Mwalimu Mkuu, Mzee Prasong, alimwona langoni.

"Duang, bado uko hapa? Mtihani je?"

"Nasubiri gari, Mwalimu."

"Gari linasubiriwa barabarani, siyo langoni! Toka, mwanangu, toka!"

Duangjan akageuka kuondoka. Darasa la kwanza lilikuwa limekwisha kupanga mstari, na mbele yake Kaeo, msichana mfupi kuliko wote, ameshika sinia la maua kwa mikono miwili.

"Mwalimu, unakwenda wapi?"

"Mjini. Nina mtihani."

"Na haya maua?"

"Mpeni Mwalimu Mkuu."

"Huyo anapewa na darasa la sita. Haya ni yako."

Mvulana wa nyuma akadakia, "Maua ya bilinganya tumeiba kwa bibi yake Kaeo."

"Hatukuiba! Tulimwomba."

"Ulimwomba amelala."

"Si alinyamaza? Basi alikubali!"

Duangjan alicheka, kisha akatazama barabara. Alijua saa. Alijua kanuni kwamba mlango wa mtihani hufungwa na anayechelewa haingii, kwa kuwa alikuwa ametufafanulia sisi wenyewe wiki iliyotangulia. Alijua pia kwamba kwa watoto wale hii ilikuwa mara ya kwanza kumpigia magoti mwalimu wao, na kwamba akiondoka, kiti cha mwalimu wao kingekuwa kitupu. Akaenda, akaketi. Wakaja mmoja mmoja kwa magoti, akapokea mpaka wa mwisho.

Mzee Prasong alimpakia kwenye pikipiki yake na kuendesha kwa kasi ambayo hatutaitaja mbele ya ofisa wa wilaya. Walifika mlango umefungwa. Msimamizi, Mwalimu Busaba, alitoka nje.

"Mwanangu, umechelewa."

"Najua, Mwalimu."

"Kanuni sikuiandika mimi."

"Najua, Mwalimu."

"Umekula?"

"Bado."

"Kaa hapa kwenye benchi."

Akamletea wali wa kunata na kuku wa kuchoma, chakula chake mwenyewe cha mchana, kisha akarudi ndani kusimamia. Hakuvunja kanuni. Hatumlaumu.

Tunachoomba

Hatuombi kalenda irudi nyuma. Tunaomba mambo mawili. La kwanza, ratiba ya mitihani ikaguliwe pamoja na ratiba za shule tunazofundisha. La pili, Duangjan afanye mtihani wake kabla ya mahafali. Shule ya Ban Non Khwao imemwombea ajira, na nafasi hiyo haitangoja mwaka mzima. Mwalimu wa somo yuko tayari kutunga maswali mapya. Inahitajika saini yako.

Duangjan alitukataza kulisema jambo hili. Alisema, "Profesa atadhani najitetea." Leo yuko darasani kwake, ndiyo maana tumethubutu. Ila kwa kuwa ulitufundisha kutoficha takwimu inayotuharibia hoja, tulimwuliza: ingekuwa siku ile inarudi, angeondoka mapema?

Alijibu, "Hapana. Ningebaki."

Tumeona ni haki ulijue jibu hilo kabla hujaamua.

Tunakutakia afya njema, vikao vifupi, na mvua ya kiasi kwenye mashamba ya kwenu. Baraka za wote waliokufundisha zikufuate.

Ni sisi watoto wako,
Wanafunzi wa Mwaka wa Mwisho, Kitivo cha Elimu,
Chuo Kikuu cha Huai Lamduan.
Imesomwa kwa niaba yao na Rattikan Saenkham.