Picha Zilizomo Kwenye Simu ya Esteria

Pale Makanyagio, Mpanda, mbele ya duka lililofungwa tangu mwenyewe ahamie Sumbawanga, kuna benchi la taruma la reli. Lilifikaje hapo, hakuna anayeuliza, na anayejua hasemi. Kila asubuhi Kasimu hushusha hapo jiko la mkaa na birika lake la kahawa, na kabla birika halijachemka wenye benchi wameshakaa. Kuna Leonidas, wanayemwita Injinia kwa kuwa zamani aliifungua redio ya paroko ikarudi kuongea, ingawa skrubu kadhaa zilibaki mkononi. Kuna Obadia wa bodaboda, wanayemwita Saa Mbili kwa sababu hata habari ya mbuzi kukatika kamba huitoa kama mtangazaji wa taarifa ya saa mbili usiku. Na kuna Luhende, Msukuma mrefu ambaye ng'ombe wake wako Sibwesa kwa mdogo wake, lakini fimbo ya kuchungia hajaiacha mpaka leo. Huyo wanamwita Fimbo. Asubuhi hiyo Fimbo hakugusa kikombe. Fimbo yenyewe ilikuwa imelala chini, na mikononi alishika simu ya tachi ya marehemu mke wake, ameifunga kwenye leso.

Esteria alifariki masika yaliyopita. Alikuwa mtu wa kupiga picha kila kitu, akicheka peke yake, na mumewe hakuwahi kuzitazama hizo picha, maana yeye ni mtu wa kitochi, simu ndogo ya vibonyezo, na alijua mwenye simu yupo. Sasa tachi ilikuwa imekufa nusu ya kioo, na Luhende alikuwa na woga ambao hakuwa amemwambia mtu: alikuwa ameanza kuisahau sura ya mke wake. Kitambulisho alikuwa nacho, lakini ile ni picha ya mtu aliyeambiwa asicheke. Esteria aliyekuwa akimtafuta ni yule mwenye mwanya, anayecheka, na huyo, kwa hesabu zake, alikuwa humo ndani ya simu.

— Imevimba, alisema Kasimu, akiinama kuutazama mgongo wake. Betri hilo. Usiiweke mfuko wa shati, Fimbo. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Betri halina kosa, Injinia alisema. Imevimba kwa kujaa. Picha zina uzito nyie. Marehemu shemeji alikuwa akiona kuku, picha. Akichuma kisamvu, picha. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ndicho hicho kinataka kupasuka.

— Picha haina uzito, Obadia alisema.

— Haina? Simu ukiinunua mpya ni nyepesi. Baada ya mwaka inavuta suruali chini. Niambie kilichoongezeka.

— Suruali yako inashushwa na njaa, Injinia. Simu unaisingizia bure.

Kasimu alicheka mpaka kahawa ikamwagikia makaa. Luhende hakucheka. Alifungua leso, akaitazama simu, akaifunga tena.

— Mimi nataka kujua kitu kimoja, alisema. Zinatokaje?

Hapo Saa Mbili akakaa vizuri, akakohoa kidogo kama redio inayotafuta masafa.

— Mzee baba, sikiliza. Mjini huko watu hawaweki tena picha kwenye simu. Wanazirusha juu, klaudi. Simu ikiibiwa, mtu analala usingizi wake kiroho safi, maana picha ziko juu.

— Juu wapi?

— Si juu hivi juu. Kuna majumba nchi za baridi, makubwa kuliko stesheni yetu, ndani kuna ubaridi kama friji ya soda. Picha za dunia nzima zimelala humo.

— Na za marehemu? Kasimu aliuliza.

— Zote.

— Zimelala pamoja? Wanawake na wanaume?

Obadia hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Alisema labda kuna vyumba.

— Hakuna vyumba, Injinia alidakia. Kuna mzungu mmoja wa zamu. Yeye kazi yake ni kuzitazama moja moja, hii ya Mpanda, hii ya Kigoma. Ndiyo maana ukiirudisha picha huwa imefifia. Imetazamwa sana.

— Acha uongo, Obadia alisema.

— Uongo? Nguo ukiianika sana inapauka au haipauki? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Methali hiyo inaingiaje hapo?

— Inaingia kwa wenye akili.

Luhende aliinua mkono kidogo, na wote wakanyamaza. Wanamheshimu, na tangu msiba wamekuwa wakimheshimu kwa upole zaidi, hata pale wanapomtania.

— Sasa zikienda huko juu, alisema, humu ndani kunabaki nini?

Walitazamana.

— Si zimehama, Injinia alisema. Kitu kikihama hakibaki.

Kuhama Luhende alikujua. Alikuwa kijana walipotoka Maswa na ng'ombe wa baba yake kuja huku kufuata majani. Ng'ombe wa mwisho alipotoka zizini, mama yake alichukua ufagio akalifagia zizi lililobaki tupu, hakuna aliyejua kwa nini, na baba hakumkataza. Mtu akimwambia neno kuhama, yeye huliona lile zizi. Alifikiria simu ya Esteria iliyofagiliwa, nyeupe ndani.

— Basi siitoi, alisema. Bora ife nazo.

— Ikifa nazo hutamwona tena, Fimbo, Kasimu alisema.

— Zikihama nitamwona? Atakuwa kwa mzungu wa zamu.

Kasimu alimjazia kikombe ambacho hakikuwa kimepungua. Lilikuwepo jambo jingine wote walilijua na wote walilizunguka, nalo ni Kija, binti wa Luhende aliyeolewa Kahama. Siku mama yake anafariki, maji yalikuwa yamepita juu ya barabara kule Koga, na Kija akakwama njiani. Wazee walimuuliza Luhende, tumsubiri? Luhende akasema wazike. Kija alifika kaburi likiwa limeshapandwa maua, akakaa pale mpaka jua likazama, akarudi Kahama. Tangu siku hiyo hajapiga simu, na baba yake hajampigia. Hana nguvu ya kuanza.

Wakati huo akatokea msichana mwenye kikombe cha bati mkononi. Alikuwa Recho, aliyefungua steshenari nyumba ya pili wiki chache nyuma, na kwenye benchi alikuwa hajawahi kusogea.

— Shikamooni.

— Marahaba. Mgeni njoo mwenyeji apone, Kasimu alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile methali ilitua mahali pake.

Recho aliomba kahawa. Akaiona simu ndani ya leso, akaona jinsi mzee alivyoishika.

— Baba, hiyo imefanyaje?

Wakamweleza wote watatu kwa pamoja: simu ya marehemu, uzito wa picha, majumba ya baridi, mzungu wa zamu. Recho aliwasikiliza mpaka mwisho, na kucheka hakucheka, jambo ambalo Luhende aliliona na kulipenda.

— Ina namba ya siri? aliuliza.

— Hana siri yule, Luhende alisema. Alikuwa anaitelezesha tu na kidole.

Recho akaenda, akarudi na laptopu, waya, na mausi. Akachomeka mausi kwenye simu kwa kile kichwa kidogo cha kuunganishia, na kishale kikatokea juu ya kioo kilichokufa, kikatembea.

— Panya anaingia kwenye simu, Injinia alisema kwa sauti ndogo. Nimeishi nimeona.

— Sasa naichomeka kwenye laptopu, Recho alisema. Niruhusu baba.

Luhende hakuiachia.

— Ng'wanawane, mwanangu, ukizitoa humu, humu kunabaki nini?

— Zinabaki hizo hizo. Sizihamishi, nazinakili. Kwako zipo, kwangu zipo. Halafu nina bando, nazipandisha na mtandaoni, zinakuwa sehemu tatu. Simu ikifa, zipo. Laptopu ikiibiwa, zipo.

Uso wa Luhende ukafunguka taratibu.

— Ah. Kubilisa.

— Ndiyo nini? Obadia aliuliza.

— Kwetu mtu mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote zizi moja. Hawa unampa rafiki Sibwesa, hawa unampa shemeji Misunkumilo, wanakaa kwao, maziwa wanakunywa wao, ng'ombe ni wako. Ugonjwa ukiingia kwako, huwi maskini. Ndiyo kubilisa. Mngeniambia hivyo toka mwanzo, mmekaa kunieleza habari za friji.

— Ila baba, hapa ng'ombe mmoja analala mazizi matatu usiku mmoja, Recho alisema.

— Huo sasa ni uchawi, Injinia alisema.

— Mwache afanye, Luhende alisema, na akaiachia simu.

Picha zilianza kuingia. Wakasogea wote, hata Kasimu akaliacha birika lichemke lenyewe. Recho alizifungua moja moja kuhakikisha kwamba zimekubali.

Kuku mwenye vifaranga, amekatwa kichwa na ukingo wa picha. Sufuria ya kisamvu. Kitenge cha kwaya kwenye kamba. Ng'ombe mwekundu wa Sibwesa, karibu mno, pua tupu.

— Huyu ni Kasimu, Obadia alisema.

Kweli alikuwa Kasimu, na birika, meno yote nje. Ikafuata ya Injinia akinyoosha kidole hewani, katikati ya uongo fulani, naye anacheka. Ikafuata ya wanakwaya nje ya kanisa, wote wanaitazama kamera na wote wamevunjika mbavu. Ikafuata ya Luhende amelala kwenye kiti, kinywa wazi, redio kifuani.

— Fimbo, inzi alipita hapo, Injinia alisema.

Luhende hakumsikia, maana ilikuwa imeingia nyingine. Yeye tena, yuko macho, kasimama mlangoni na fimbo yake, anamtazama mpigaji. Hakujua kwamba uso wake unaweza kukaa vile. Ulikuwa uso wa mtu anayependa na hana habari kwamba anaonekana.

Zikaendelea. Mlango. Mihogo. Luhende kutoka nyuma, anakwenda kijiweni. Watoto wa jirani. Luhende anakula. Recho aliendelea kubonyeza mpaka zikaisha, akarudi mwanzo, akazipitia tena haraka haraka, kisha akainua uso.

— Zote zimekubali, alisema. Lakini baba, mama mwenyewe yuko wapi?

Injinia alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu benchi liwepo akakifunga bila kutoa kitu. Saa Mbili alitazama pikipiki yake. Watu wote wale kwenye picha walikuwa wanamchekea mtu mmoja, wanamtazama mtu mmoja, na mtu huyo hakuwemo.

— Rudisha ile ya mihogo, Luhende alisema.

Recho akairudisha. Pembeni, chini, kulikuwa na kivuli kinene cha rangi ya udongo kilichoharibu picha. Kilikuwa kidole gumba, na juu yake kovu la mundu. Luhende alikisogelea, akakigusa kwenye kioo kwa kidole chake. Macho yalimjaa, wala hakuyaficha.

— Huyo hapo, alisema. Ndiyo huyo.

Kasimu alimshika bega. Recho aliomba radhi, ingawa hakukosa.

— Hukukosea, ng'wanawane. Umeuliza vizuri. Alikuwa yeye ndiye anayepiga. Nani angempiga?

Alisema hivyo, na papo hapo akajua kwamba jibu alikuwa analo. Kila mwaka baada ya mavuno Esteria alikwenda Kahama, na huko simu haishiki yeye. Huko anayepiga picha ni Kija.

Luhende alitoa kitochi mfukoni. Walimwona anavyolitafuta jina, na wakajua ni jina gani, na hakuna aliyetia neno. Simu iliita sana. Hakuondoka kwenye benchi. Labda alihofia kwamba akisimama atakata.

— Haloo, sauti ilisema. Kitochi cha Luhende kinasikika mpaka barabarani.

— Kija. Mimi baba yako.

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa.

— Mwanangu, hapa nina picha za mama yako. Alizopiga mwenyewe, nyingi, za nyumbani. Wanazitoa sasa hivi kwenye simu yake. Lakini yeye mwenyewe hayumo hata moja. Mimi simwoni, Kija. Nikifumba macho simwoni vizuri. Wewe unaye?

Pumzi ya Kija ilisikika ikipanda na kushuka.

— Ninaye, baba. Ninaye anacheka. Sikukutumia kwa sababu nilijua wewe unaye wa kwako.

— Huku sina.

— Na mimi za nyumbani sina. Hata mlango wetu sina.

— Mlango upo humu, Luhende alisema. Na mihogo ipo. Recho hapa atakutumia zote. Na siku ile, mwanangu, ningekusubiri. Ilinipasa nikusubiri.

Kija alikuwa analia sasa, kilio cha mtu aliyekaa muda mrefu akingoja ruhusa ya kulia. Luhende alikaa na simu sikioni akimsikiliza, na hakumwambia anyamaze. Recho aligeuza laptopu upande wake, akauliza kwa ishara namba ya Kahama, na Saa Mbili, aliyekuwa nayo kwenye simu yake tangu siku za msiba, akamsomea taratibu, kwa sauti ya chini, bila kutangaza.